Kijiko si kipimo: Jifunze kugeuza vipimo vya Kimarekani kuwa mililita na lita

Leo tutafanya hesabu kidogo. Usiogope, ni hesabu za kuzidisha na kugawanya tu, zile tulizofundishwa shule ya msingi. Lakini ni hesabu ambazo mtu akizikosea anaweza kumdhuru mtoto wake mwenyewe huku akidhani anamtibu. Ndiyo maana tumeona tuzipe nafasi.

Siku hizi ni nadra kukuta mtaa usio na mtu mwenye ndugu Marekani. Ndugu hao hututumia mizigo, na ndani ya mizigo humo mna dawa za watoto, dawa za kikohozi, maziwa ya kopo na vitamini. Wengine hututumia maelekezo kwa simu: namna ya kutibu maji, namna ya kuchanganya hiki na kile. Yote hayo huja na vipimo vya huko. Ukivipokea bila kuvigeuza, unapima kwa kubahatisha.

KISA CHA CHUPA KUTOKA MAREKANI

Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na mtoto wa miaka miwili, mwenye uzito wa kilo 12, aliyeshikwa na homa. Ndani ya kabati alikuwa na chupa ya dawa ya homa aliyotumiwa na binti wa kaka yake anayeishi Marekani. Kikombe kidogo cha kupimia kilichokuja na chupa kilikuwa kimeshapotea. Akampigia simu binti.

"Shangazi, mpe kijiko kimoja kila baada ya saa sita," binti akamwambia.

"Kijiko gani, mwanangu?"

"Kijiko tu cha kawaida, shangazi."

Mama akachukua kijiko cha kawaida cha nyumbani kwake, yaani kile cha kulia wali. Akampa mtoto mara tano, usiku na mchana. Mtoto alipoanza kutapika na kukataa chakula, mama akaniletea chupa niisome. Lebo ilisema mtoto wa uzito ule apewe mililita 5. Nikajaza maji katika kijiko chake, nikayavuta kwa bomba la sindano. Kijiko kilikuwa kimebeba mililita 14.

Dawa ile ilikuwa na miligramu 160 katika kila mililita 5. Kwa hiyo badala ya miligramu 160, mtoto alikuwa akipewa karibu miligramu 448 kila mara, yaani karibu mara tatu. Kwa mara tano alikuwa amekwishakunywa zaidi ya miligramu 2,200, wakati alistahili 800. Dawa yenyewe ni asetaminofeni. Jina hilo linaweza kukuchanganya, lakini ni ile ile tunayoiita parasetamo. Ni dawa nzuri ikipimwa, ikizidi huharibu ini. Tena mtu aliyeizidisha anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, dalili za ini zikaja baadaye.

Tulimpeleka mtoto hospitali saa ile ile, chupa mkononi. Akapimwa damu, akalazwa, akapewa dawa ya kuzuia sumu isilidhuru ini, na Alhamdulillah alirudi nyumbani akiwa mzima.

Sasa, ni nani aliyekosea? Binti hakusema uongo. Marekani mtu akitaja kijiko kimoja cha dawa ya mtoto, anakusudia kijiko cha chai, chenye mililita 5. Mama naye hakuwa mzembe, kwani aliuliza. Neno lilikuwa moja, vijiko vilikuwa viwili. Na jibu sahihi lilikuwa limechapishwa kwenye chupa muda wote, kwa tarakimu: mililita 5.

KWA NINI VIPIMO VYAO NI TOFAUTI

Sehemu kubwa ya dunia, na sisi tukiwemo, hutumia mfumo wa metriki. Mfumo huu ni mwepesi kwa sababu kila hatua ni kumi, mia au elfu. Lita 1 ni mililita 1,000, basi. Marekani nao wanaujua. Sheria yao iliruhusu metriki tangu mwaka 1866, na mwaka 1975 wakatunga sheria nyingine ya kuhimiza watu wahamie huko. Lakini sheria hiyo haikumlazimisha mtu, na hadi leo jikoni, kwenye vituo vya petroli na madukani wanaendelea na vijiko, aunsi, painti na galoni.

Jambo jingine ambalo huwachanganya wengi ni kwamba galoni ya Marekani si galoni ya Uingereza. Mwaka 1707, wakati wa Malkia Anne, Waingereza waliweka kisheria galoni yenye ukubwa wa inchi za ujazo 231. Wamarekani wakairithi hiyo. Kisha mwaka 1824 Waingereza wakabadili yao, wakaifanya kubwa zaidi, na Wamarekani wakabaki na ile ya zamani. Matokeo yake ni kwamba galoni ya Marekani ni lita 3.785, na ya Uingereza ni lita 4.546. Painti nayo ni hivyo hivyo: ya Marekani ni mililita 473, ya Uingereza ni mililita 568. Kwa hiyo ukikuta painti au galoni katika kitabu, uliza kwanza kitabu kimeandikwa wapi.

NGAZI YA VIPIMO VYA KIMAREKANI

Ikate orodha hii uibandike ndani ya mlango wa kabati la dawa. Tumeweka na herufi zinazotumika kwenye lebo, maana hizo ndizo utakazokutana nazo.

- Kijiko cha chai, tsp: mililita 4.93. Kwa dawa huhesabiwa mililita 5.
- Kijiko kikubwa, tbsp: ni vijiko vya chai 3, sawa na mililita 14.8. Huhesabiwa 15.
- Aunsi ya ujazo, fl oz: ni vijiko vikubwa 2, sawa na mililita 29.6. Huhesabiwa 30.
- Kikombe, cup: ni aunsi za ujazo 8, sawa na mililita 237.
- Painti, pt: ni vikombe 2, sawa na mililita 473.
- Robo galoni, qt: ni painti 2, sawa na mililita 946.
- Galoni, gal: ni robo 4, sawa na lita 3.785.

Angalia vizuri ngazi mbili za mwanzo. Tsp na tbsp zinatofautiana kwa herufi moja tu katikati, lakini kipimo kinatofautiana mara tatu. Baadhi ya watu huandika kwa kifupi zaidi: herufi t ndogo kwa kijiko cha chai na T kubwa kwa kijiko kikubwa. Mwandiko wa haraka ukikutana na macho yaliyochoka, mtoto ndiye anayelipa.

Usidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Pediatrics la huko Marekani lilichapisha utafiti juu ya wazazi waliokuwa wakiwapa watoto wao dawa za maji. Karibu wazazi 4 katika kila 10 walipima vibaya. Na wale waliozungumzia dozi kwa vijiko walikuwa na uwezekano wa kukosea unaokaribia mara mbili ya wale waliotumia mililita peke yake. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto wa huko, American Academy of Pediatrics, kikatoa msimamo kwamba dawa za maji za watoto ziandikwe na zipimwe kwa mililita tu. Wenye vijiko vyao wamegundua kwamba kijiko hakifai kupimia dawa. Sisi tusubiri nini?

NAMNA YA KUGEUZA

Kanuni ni mbili tu.

Kanuni ya kwanza: kutoka kipimo cha Kimarekani kwenda mililita au lita, zidisha.

Kanuni ya pili: kutoka mililita au lita kwenda kipimo cha Kimarekani, gawanya.

Kisha jiulize kama jibu linaingia akilini. Mililita ni kitu kidogo kuliko aunsi. Kwa hiyo ukigeuza aunsi kuwa mililita, tarakimu lazima iwe kubwa zaidi. Ikitoka ndogo, umegawanya mahali pa kuzidisha. Hebu tufanye mifano.

Mfano wa 1. Chupa ya dawa ya kikohozi imeandikwa 4 fl oz. Ni mililita ngapi? Zidisha 4 kwa 29.57, unapata 118. Angalia lebo, utaikuta hiyo 118 imeandikwa pembeni. Je, itatosha siku ngapi ikiwa mgonjwa anakunywa mililita 5 mara tatu kwa siku? Kwa siku ni mililita 15. Gawanya 118 kwa 15, unapata 7.9. Basi ni siku 7 kamili na kidogo. Hesabu hii ina faida kubwa: chupa ikiisha siku ya tatu, ujue kuna mtu anapima vibaya.

Mfano wa 2. Ndugu yako anakuambia huko wanashauriwa kunywa glasi 8 za maji kwa siku, kila glasi aunsi 8. Zidisha 8 kwa 8, unapata aunsi 64. Zidisha 64 kwa 29.57, unapata mililita 1,892, yaani karibu lita 1.9. Mahitaji ya mtu hutegemea joto, kazi na afya yake, lakini sasa angalau unajua glasi hizo ni kiasi gani, maana glasi za nyumbani kwetu hazilingani.

Mfano wa 3. Una ndoo ya lita 20. Ni galoni ngapi za Kimarekani? Hapa tunarudi nyuma, kwa hiyo gawanya. 20 kwa 3.785 ni 5.28. Kumbuka jibu hili, tutalihitaji sasa hivi.

MTEGO WA GALONI

Katika lugha yetu ya mtaani, galoni si kipimo tena, ni jina la chombo. Mtu akisema nenda kachote galoni la maji, huenda anakusudia dumu la lita 5, la lita 10 au la lita 20. Hakuna ubaya kwa mazungumzo. Ubaya unakuja ukitibu maji ya kunywa.

Maelekezo ya Kimarekani ya kutibu maji wakati wa dharura husema: weka matone 8 ya klorini ya kufulia katika kila galoni ya maji safi yasiyo na tope, koroga, funika, subiri dakika 30. Sasa mtu wetu akisikia galoni, akaweka matone 8 katika dumu la lita 20, amefanya nini? Tumekwishaona kwamba lita 20 ni galoni 5.28. Alitakiwa kuweka matone 8 mara 5.28, yaani 42. Yeye ameweka matone 8, ambayo hata robo ya dawa inayohitajika hayafiki. Maji yatanukia klorini kidogo, moyo utatulia, na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vitabaki vinaishi ndani ya dumu. Hilo ni hatari kuliko kutoweka dawa kabisa, kwa sababu asiyeweka dawa angalau anajua maji yake si salama.

Njia nyepesi ni kuacha galoni na kuhesabu kwa lita. Maelekezo hayo hayo kwa lita ni matone 2 kwa kila lita. Dumu la lita 20 ni matone 40, sawa na karibu mililita 2. Ukitumia bomba la sindano hutahitaji kuhesabu tone moja moja.

Lakini zingatia mambo mawili. Kwanza, hesabu hii ni ya klorini ya maji isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9. Zipo zinazouzwa kwetu zenye nguvu ya chini ya hapo, na hizo matone 2 kwa lita hayatoshi. Soma asilimia kwenye chupa. Pili, zile dawa maalumu za kutibu maji ya kunywa zina maelekezo yake yenyewe, yafuate hayo. Kama huna uhakika na chupa uliyonayo, chemsha maji. Yakitokota kwa nguvu kwa dakika 1 yanatosha, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3.

MTEGO WA AUNSI

Aunsi nazo ziko mbili. Kuna aunsi ya ujazo, fl oz, inayopima vitu vya maji. Na kuna aunsi ya uzito, oz, ambayo ni gramu 28.35. Hazibadilishani.

Jambo hili lisiwe geni kwetu. Kila aliyewahi kutoa Zakatul-fitri anajua kwamba swaa, ambayo wengi wetu tunaiita pishi, ni kipimo cha ujazo, nayo ni mudi nne. Pishi ya mchele na pishi ya tende zinajaza chombo kile kile, lakini ukizipandisha kwenye mizani hazilingani kilo. Ndivyo ilivyo kwa dawa na vyakula vingine. Mililita 1 ya maji ni gramu 1, lakini kanuni hiyo ni ya maji. Mililita 1 ya asali ni karibu gramu 1.4, na mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo usigeuze ujazo kuwa uzito kwa mazoea.

Mtego wa aunsi unaouma zaidi uko kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Maziwa ya mama ndiyo bora, hilo halina mjadala. Lakini yupo mama anayelazimika kutumia ya kopo kwa ushauri wa daktari. Makopo mengi ya Marekani huelekeza kijiko kimoja cha ndani ya kopo kwa aunsi za ujazo 2 za maji, yaani mililita 60. Makopo ya Uingereza kwa kawaida huelekeza kijiko kimoja kwa mililita 30. Maana yake, kijiko cha Kimarekani ni kikubwa karibu mara mbili. Mama akichukua kijiko cha kopo la zamani akakitumia kwenye kopo jipya la nchi nyingine, maziwa yatakuwa mazito mara mbili au mepesi nusu. Yakiwa mazito humkausha mtoto maji na kuchosha figo zake. Yakiwa mepesi mtoto ananyonya, anashiba, na bado anakonda. Kila kopo na kijiko chake. Kopo likiisha, kijiko chake nacho kitupwe.

MTEGO WA MILILITA NA MILIGRAMU

Hapa naomba umakini zaidi. Mililita ni ukubwa wa maji ya dawa. Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe iliyomo ndani ya maji hayo. Ni kama chai na sukari: kikombe ni kile kile, lakini mmoja ametia vijiko viwili na mwingine vinne.

Dawa nyingi za maji za parasetamo zinazouzwa kwetu zina miligramu 120 katika mililita 5. Ile ya Marekani tuliyoisimulia ina miligramu 160 katika mililita 5. Kwa hiyo hata ukipima mililita sawasawa, dozi uliyoizoea ya dawa ya hapa si dozi ya dawa ya huko. Mtoto aliyeandikiwa na daktari miligramu 120 atapewa mililita 5 za dawa ya hapa. Kwa dawa ya Kimarekani, gawanya 160 kwa 5, unapata miligramu 32 kwa kila mililita. Kisha gawanya 120 kwa 32, unapata mililita 3.75.

Madaktari hukadiria dozi moja ya parasetamo ya mtoto kuwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, na zisizidi dozi 4 kwa saa 24. Usimpe dawa mbili za homa kwa pamoja bila kusoma kilichomo, kwani dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamo ndani. Na kumbuka kwamba kwetu homa ya mtoto ni ya kupimwa, isije ikawa malaria inafunikwa na dawa ya kushusha joto.

PANAPOHITAJI UANGALIFU NA PASIPOHITAJI

Baada ya yote haya, usije ukaogopa kila kitu. Si kila tofauti ina madhara. Chukua mfano wa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Kipimo kinachojulikana ni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe sawa na ukingo, visiwe vya kurundika. Maelekezo mengine ya Kimarekani husema robo galoni badala ya lita. Robo galoni ni mililita 946, pungufu ya lita kwa mililita 54 tu. Tofauti hiyo ni ndogo, haimdhuru mtoto.

Lakini mtu akitumia nusu kijiko kikubwa cha chumvi badala ya nusu kijiko cha chai, chumvi imekuwa mara tatu. Hiyo ni hatari, kwani chumvi ikizidi kwenye damu ya mtoto aliyekwishapungukiwa maji inaweza kumletea degedege na hata kifo. Hivyo basi, maji yakipungua kidogo ni jambo dogo, kijiko kikikosewa ni jambo kubwa. Pakiti za ORS za zahanati au duka la dawa ni bora zaidi, kwa sababu chumvi na sukari zimekwishapimwa. Kazi yako ni kupima maji peke yake, kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Chupa mbili za maji za nusu lita ni lita moja kamili.

VIFAA VYA KUPIMIA

Kifaa bora cha kupimia dawa ya mtoto ni bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5 au 10. Linapatikana duka la dawa kwa bei ndogo. Litumie hivi:

- Ondoa kifuniko kidogo cha mbele kabla ya kuanza, kisije kikamkaba mtoto.
- Vuta dawa hadi mstari unaotakiwa, ukiliweka bomba usawa wa jicho.
- Kama kuna povu la hewa, rudisha dawa uvute tena. Hewa si dawa.
- Mpe mtoto pembeni mwa shavu, taratibu, akiwa ameketi.
- Lioshe kwa maji safi na sabuni, likaushe, lihifadhi mbali na vumbi.

Ukitumia kikombe kidogo cha kupimia, kiweke mezani. Ukikishika mkononi kitainama na utajidanganya. Na kama chupa imekuja na kifaa chake, tumia hicho hicho, usikihamishie kwenye dawa nyingine.

Ukigundua umezidisha dawa, usisubiri dalili na usimlazimishe mtoto kutapika. Mpeleke hospitali mara moja na chupa yake. Daktari atataka kujua mambo matatu: dawa gani, kiasi gani na saa ngapi. Dawa ya kuzuia madhara ya parasetamo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

JIPIME MWENYEWE

Chukua kalamu. Usitazame majibu kwanza.

Swali la 1. Chupa imeandikwa 8 fl oz. Mgonjwa anakunywa mililita 10 mara mbili kwa siku. Itatosha siku ngapi kamili?

Swali la 2. Una pipa la lita 50 za maji safi na klorini ya nguvu ya asilimia 6. Utaweka matone mangapi, na hayo ni karibu mililita ngapi?

Swali la 3. Kitabu cha zamani cha Uingereza kinasema painti 2 za maji. Ni mililita ngapi? Kingekuwa cha Marekani zingekuwa ngapi?

Swali la 4. Daktari ameandika mililita 7.5. Ndugu yako wa Marekani anauliza hiyo ni vijiko vingapi vya chai. Utamjibu nini?

Majibu: La kwanza, 8 mara 29.57 ni karibu mililita 237. Kwa siku ni 20. Basi ni siku 11 kamili. La pili, matone 100, karibu mililita 5. La tatu, mililita 1,136 kwa Uingereza na 946 kwa Marekani. La nne, ni kijiko kimoja na nusu kwa hesabu, lakini mwambie aache kijiko, atumie bomba avute mililita 7.5.

Kama umepata yote manne, mfundishe na jirani. Kama umekosea moja, rudi kwenye ngazi ya vipimo uisome tena.

Ndugu msomaji, yule mama wa mtaani kwetu sasa ana bomba la sindano la mililita 5 ndani ya mfuko safi, kando ya dawa zake. Juzi binti alimpigia tena simu kuhusu dawa nyingine. "Shangazi, mpe kijiko..." Mama akamkatiza: "Mwanangu, niambie mililita." Na wewe ukiambiwa kijiko, kikombe au galoni, usione haya kuuliza kama alivyouliza yeye. Tukutane toleo lijalo, inshaallah.